Je, Asiyefikwa na Mafuriko Ana Haki ya Kujiandikisha?



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Kuna swali linaloulizwa kila mvua zikizidi, na wengi huliuliza kwa sauti ya chini baada ya swala, huku wakitazama mlangoni. Mtu husema: "Sheikh, watu wa shirika wamekuja kuandika waliobomolewa na maji. Kwangu maji hayakuingia. Lakini watoto wangu walilala njaa jana, na juzi pia. Nikiandikisha jina langu, nitakuwa nimeiba?"

Msicheke. Swali hili si la mwizi, kwa sababu mwizi haulizi. Ni swali la maskini anayemcha Mungu, na watu kama huyo ni wengi hapa Baraka na Fizi nzima. Vita vimewatoa watu mashambani si mara moja wala mbili, na mwenye shamba leo ananunua muhogo sokoni. Kwa hiyo anastahili jibu, si kukemewa.

Kwanza tukumbuke Kasaba. Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, mto Kasaba katika sekta ya Ngandja, humu humu Fizi kwetu, ulifurika kwa mvua kubwa ukashuka kijijini na mawe, miti na matope. Nyumba zipatazo 150 zilibomoka. Hata hesabu ya maiti haikulingana: mkuu mmoja alitaja watu 62, mwingine zaidi ya 100, wengi wao watoto na wazee. Kasaba ilikuwa haifikiki ila kwa njia ya ziwa, na mtandao wa simu haukuwapo. Mahali kama hapo hata habari ya msiba husubiri mtumbwi. Kabla yake ilikuwa Kalehe, Mei 2023, walipozikwa zaidi ya watu 400 wa Bushushu na Nyamukubi. Na kabla ya hapo Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobeba nyumba na daraja.

Sasa itazameni meza ya kuandikia. Nani yuko karibu nayo? Ni sisi wa mjini, tulio na ofisi za mashirika mtaani kwetu, wenye simu, tunaomjua kijana anayeandika na tunamjua mama yake. Mtu wa Kasaba hayupo. Na msaada si maji ya kisima kwamba ukichota yatajaa tena. Mabashi ya kufunikia, masufuria, mablanketi na unga huhesabiwa kule yanakotoka, kwa idadi ya nyumba zilizotajwa. Jina la uongo likiingia katika orodha, fungu haliongezeki. Kuna mtu anapunguziwa, na mara nyingi ni yule asiyekuwapo kujisemea. Zaidi ya hayo, tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, na shirika lake la USAID likafungwa Julai ya mwaka ule ule, linalofika Kongo ni kidogo kuliko zamani.

Watu hujifariji wakisema, "Hii ni mali ya Wazungu, wanayo nyingi." Ndugu yangu, huchukui kwa Mzungu. Mzungu ameshatoa, amemaliza. Unachukua kwa mama wa Kasaba ambaye hujamwona, na huenda mkaonana kwa mara ya kwanza Siku ya Kiyama, yeye akiwa mdai wako.

Utasema: njaa yangu ni ya kweli, na dharura huhalalisha kilichoharamishwa. Ni kweli. Lakini wanazuoni wetu wa fiq'hi wamefundisha pia kwamba dharura haifuti haki ya mwingine. Aliyekula chakula cha mtu kwa njaa ya kufa hana dhambi, lakini atakilipa. Na wakafundisha kwamba dhara haliondolewi kwa kumpa mwingine dhara lile lile. Wewe una njaa na paa. Yule ana njaa, hana paa, na pengine amezika watoto. Dharura yako haiwezi kupita juu ya yake.

Mlango wako ni mwingine. Mafukara na maskini ndio waliotajwa wa mwanzo katika mafungu 8 ya zaka. Hapa nageuka kwa wenye maduka na wenye mitumbwi ya mashine. Sayyidna Umar, mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa 18 Hijria, alijizuia samli mpaka watu waipate. Sisi jirani anasukumwa na njaa hadi akaseme uongo mezani kwa shirika, na zaka yetu imelala sandukuni. Sidhani dhambi ile ni ya maskini peke yake.

Wako pia waliopokea watu. Kwao maji hayakuingia, ila wameingia jamaa 7 au 10, wanalala chumba kimoja na kutumia choo kimoja, na sisi wa Baraka tunaijua kolera. Mtu huyu naye asiseme nyumba yake imeanguka. Aseme: nimepokea watu, na hawa ndio majina yao. Kama shirika halina fungu la wenyeji waliopokea, ni kazi ya wakuu wa mitaa, ya wachungaji na yetu maimamu kwenda kulidai. Akijiandika mhanga, anauzika wema wake mwenyewe chini ya uongo.

Na wewe kijana uliyepewa daftari. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akatenga vitu mafungu mawili: hivi vyenu, hivi nimezawadiwa. Mtume alikasirika, akapanda mimbari akauliza kama zawadi zile zingemfuata mtu huyo akikaa nyumbani kwa baba na mama yake. Basi nawe jiulize: bila kalamu ile, nani angekuletea kuku? Wala usiulize dini ya mtu wala kabila lake kabla ya kumpa jetoni. Asma binti Abubakar alikuwa na mama mshirikina, akamuuliza Mtume, akaamrishwa amtendee wema. Na wengi wa waliofikwa huku kwetu si Waislamu.

Limebaki la aliyekwisha kuchukua. Toba katika haki ya Mungu ni kujuta na kuacha. Katika haki ya mwanadamu, ni kurudisha pia. Bashi lingalipo, sufuria ingalipo, rudisha. Unga umeliwa, lipa kidogo kidogo utakapoweza. Unaona aibu? Weka barazani kwa msikiti kabla ya Alfajiri. Vitakwenda na mtumbwi kwa waliofikwa, na hapana atakayeandika jina la aliyeleta.

Wabillahi tawfiq.