Kabla ya Kumfungashia Mtu Virago

Somo: 1 Samweli 8:1–9, 12:1–5, 23



Novemba ni mwezi mgumu kwa makocha wa nchi hii. Novemba 2019 Simba waliachana na Patrick Aussems, aliyekuwa amewapa ubingwa wa 2018/19 na kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Siku anaondoka, timu ilikuwa inaongoza ligi. Mwezi huohuo Yanga nao walimwondoa Mwinyi Zahera. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba walifungwa na Yanga 5-1, na haikupita wiki kibarua cha Robertinho kikawa kimeota nyasi. Kocha aliyempiga hizo tano, Miguel Gamondi, alibebwa juujuu na mashabiki, akatwaa ligi na Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, akaipeleka Yanga robo fainali ya Afrika, ambako Mamelodi Sundowns waliwatoa kwa penalti baada ya mechi mbili zisizo na bao. Ikaja Novemba 2024. Ndani ya wiki moja alifungwa na Azam 1-0 na Tabora United 3-1, na zamu ikawa yake.

Kuanzia stendi ya Korogwe hadi vijiwe vya bodaboda vya Chanika kule Handeni, habari hiyo ilijadiliwa siku mbili tatu, kisha watu wakahamia kwa kocha mpya. Lililonigusa ni lile ambalo halikuulizwa na yeyote katika mjadala wote huo: mtu huyu alisikilizwa wapi? Nani alikaa naye, akamwambia hili na hili limekwenda kombo, wewe una neno gani?

Nisije nikaonekana ninazungumzia mambo ya Dar es Salaam peke yake. Coastal Union ni timu ya mkoa wetu, bingwa wa Tanzania mwaka 1988. Msimu wa 2023/24, chini ya Mkenya David Ouma, ilimaliza nafasi ya 4 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Vijana wengi wa Handeni na Korogwe walikuwa hawajawahi maishani mwao kuiona timu ya Tanga ikicheza na watu wa nje. Agosti 2024 wakafungwa 3-0 Angola na Bravos do Maquis, marudiano yakawa sare tasa, na Ouma akaonyeshwa mlango ligi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mtu aliyewafikisha kwenye mlango wa Afrika ndiye aliyeadhibiwa kwa kushindwa kuuvuka.

Tunapozungumzia uvumilivu, wahubiri wengi tunakimbilia ule mtini wa Luka 13, ambao mtunza shamba aliuombea mwaka mmoja zaidi. Ni somo zuri, na hapa Korogwe halihitaji maelezo mengi, maana mwenye shamba la mkonge anajua haukatwi mwaka uleule uliopandwa. Lakini mtini unahusu muda, na mimi leo siombi muda. Muda unaweza kuisha kwa haki kabisa. Ninauliza namna mtu anavyoondolewa, na kwa hilo nawapeleka kwa Samweli.

Samweli aliondolewa. Tusilipambe jambo hilo. Wazee wa Israeli walikusanyika, wakafunga safari hadi Rama, nyumbani kwake, wakamwambia ana kwa ana kwamba amezeeka, na kwamba wanawe hawafuati mwenendo wake; wanataka mfalme. Tena sababu yao moja ilikuwa ya kweli tupu. Yoeli na Abiya walikuwa waamuzi kule Beer-sheba na walikuwa wanakula rushwa. Samweli aliumia. Maandiko hayafichi kwamba neno lile lilikuwa baya machoni pake. Mungu alimfariji kwa kumwonyesha kuwa aliyekataliwa kwa hakika ni Yeye Mwenyewe, akamwagiza awasikilize watu.

Angalieni wazee wale, pamoja na makosa yao yote, walifanya nini. Walikwenda kwake. Walisema sababu. Samweli hakusikia habari zake redioni, wala hakuamka akakuta zimesambazwa kwenye simu za watu.

Halafu fungueni sura ya 12. Mfalme amekwisha kupatikana, taifa lote limesimama kule Gilgali, na yule mzee anayeondoka anapewa nafasi ya kusema. Anawauliza: ni ng'ombe wa nani nimemtwaa? Punda wa nani? Nani nimemdhulumu, nani nimemwonea, kwa mkono wa nani nimepokea rushwa ili nijitie upofu? Anataka wamjibu mbele za Bwana na mbele ya mfalme mpya. Nao wanajibu kwa vinywa vyao kwamba hakuwadhulumu, hakuwaonea, hakutwaa kitu kwa mtu. Anamwita Mungu awe shahidi wa jibu hilo, nao wanakubali.

Hapo ndipo ninapopapenda sana. Nafasi yake imekwenda, lakini jina lake limebaki safi, na waliomwondoa ndio waliolisafisha. Mfalme mpya alikuwapo akisikia, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza baadaye kumbambikia Samweli kasoro za taifa zima.

Kwetu ni kinyume. Timu ikifungwa, kosa huwa ni la watu wengi: aliyesajili, aliyekosa penalti, beki aliyesinzia, kiongozi aliyechelewesha posho, na kocha naye kwa sehemu yake. Lakini wachezaji ni ishirini na kitu, na kuwaondoa wote haiwezekani. Viongozi ndio wenye kalamu, na mwenye kalamu hajiandikii barua ya kuachishwa. Anabaki mmoja. Anafungashiwa virago, mashabiki wanapoa, na waliobaki wanatembea kana kwamba wametakaswa. Hiyo si haki hata kama kocha mwenyewe alikuwa na makosa yake.

Mwaka 2019 Emmanuel Amuneke aliirudisha Taifa Stars kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Mtakumbuka ile Machi tulipoifunga Uganda 3-0 pale Uwanja wa Taifa; ilikuwa Jumapili. Kule Misri tukapoteza mechi zote tatu: Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Mechi ya mwisho ilichezwa Julai 1, na Julai 8 ikatangazwa kwamba Amuneke hayupo tena. Siku 11 baadaye fainali ya mashindano ikachezwa. Timu mbili zilizokutana ni Algeria na Senegal! Tulikuwa tumemfukuza mtu kwa kufungwa na bingwa wa Afrika na mshindi wa pili wa Afrika, na hatukusubiri hata mashindano yaishe tujue tumefungwa na nani.

Sisi wa huku tulipaswa kulielewa hilo kuliko wengine. Miongoni mwa makocha wa Taifa Stars iliyofuzu fainali za 1980 alikuwamo Joel Bendera, ambaye baadaye alikuwa mbunge wetu wa Korogwe Mjini na Naibu Waziri aliyeshughulikia michezo; Bwana alimwita Desemba 2017. Timu ile ilikata tiketi Ndola, kwa bao la Peter Tino. Kule Lagos ilifungwa na Nigeria 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, ikatoka sare 1-1 na Ivory Coast, ikarudi na pointi moja. Lakini mpaka leo tunawataja watu wale kwa heshima, na ni haki yao. Bendera hakuhukumiwa kwa pointi ile moja ya Lagos. Alipewa ushuhuda wa kazi nzima. Kwa nini Amuneke hakupata ushuhuda kama huo?

Si mpirani tu. Katika mtaa mmoja wa upande wa Handeni, kwaya ya vijana ilishika mkia kwenye mashindano. Jumatano iliyofuata mwalimu wao alikwenda mazoezini kama kawaida, na daftari lake la noti kwapani. Alikuta kufuli la kabati la kinanda limebadilishwa. Ndani mwalimu mwingine alikuwa anawafundisha vijana wimbo ambao yeye ndiye aliyeutunga. Alisimama mlangoni mpaka ubeti ukaisha, akaondoka. Nilipomtembelea hakulalamikia nafasi. Aliniambia, "Baba Mchungaji, wangeniambia tu nimekosa nini. Sasa watoto wananiuliza nyumbani, baba umefanya nini kanisani, nami sina la kuwajibu." Watoto wake wawili wameacha kuimba. Nilipomuuliza mwenyekiti wa kwaya, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba wamefanya mabadiliko.

Watu wasipopewa sababu, hujitungia. Kabla ya wiki kuisha, kijijini palishavuma kwamba mwalimu yule alikula michango ya sare. Hakukuwa na chembe ya ukweli. Kutomwambia mtu kosa lake kunawafungulia wengine mlango wa kumtungia, na hapo tumekwisha kuvunja amri ya kutomshuhudia jirani uongo bila hata mmoja wetu kufungua kinywa.

Kijana mmoja wa Kabuku aliwahi kuniambia, "Mpira ni matokeo, Mchungaji." Ana hoja. Timu ni mali ya watu, tiketi wananunua wao, na kocha anatia saini akijua hali ya kazi yake. Nami sisemi kocha asiondolewe. Julai 2020 Yanga walimfukuza Luc Eymael kwa maneno ya ubaguzi aliyowatolea mashabiki wa klabu hiyo. Walifanya vema, wala hawakuhitaji kungoja. Sababu ilikuwa ya wazi, iliyosemwa hadharani, na ilikuwa yake mwenyewe. Hayo ndiyo ninayoyadai hata kwa wale ambao hawakutukana mtu.

Lakini hoja ya matokeo ina pengo. Chukueni habari za Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, mwana wa Zanzibar. Januari 2024 alikabidhiwa Taifa Stars katikati ya Fainali za Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast, baada ya Adel Amrouche kusimamishwa. Novemba 2024 vijana wake waliifunga Guinea 1-0 kwa bao la Msuva, tukafuzu fainali za 2025. Agosti 2025 akaifikisha timu robo fainali ya CHAN. Mapema Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali zile alizotufuzisha, Shirikisho la mpira la nchi likatangaza kuachana naye, na nafasi akapewa Gamondi, yuleyule aliyetupiwa virago vyake mwaka mmoja nyuma. Taifa Stars ikaenda nchini Morocco, ikatoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu ikavuka hatua ya makundi, hadi ilipotolewa na wenyeji 1-0.

Tulifurahi, nami nilifurahi. Gamondi hakumwibia mtu. Aliitwa kazini akaenda, na kazi akaifanya. Ila matokeo mema ya anayekuja hayafuti deni tulilo nalo kwa aliyekwenda. Katika shangwe zile za baada ya mechi ya Tunisia, tiketi ya safari ilikuwa ya Hemed, na niliowasikia wakilitaja jina lake walikuwa wachache mno. Kama matokeo ndiyo kipimo, basi matokeo yake yako wapi katika vinywa vyetu?

Na hapa kuna jambo kuhusu Samweli ambalo ni zito zaidi kuliko yale maswali ya ng'ombe na punda. Katika aya ya 23 ya sura ileile ya 12 anawaambia watu waliomwondoa kwamba kwake itakuwa dhambi kuacha kuwaombea, na kwamba ataendelea kuwafundisha njia iliyo njema. Aliyekataliwa anabaki mwalimu wao. Ninajiuliza kama angeweza kufanya hivyo iwapo wangebadilisha kufuli. Moyo wa kuwaombea waliokuondoa ni neema, lakini waliokuondoa wanaweza kuirahisisha au kuiwekea mawe njiani. Kule Gilgali waliirahisisha kwa kusema ukweli juu yake mbele ya watu wote.

Mashindano ya mpira ya vijana wa mitaa yetu, ya upande wa Handeni na wa Korogwe, yataanza mahindi yakishaingia ghalani. Kama miaka yote, majirani zetu Waislamu watacheza pamoja nasi, na timu nyingine zitafundishwa na wao. Nimekaa na kamati ya vijana na tumekubaliana mambo haya. Timu itakayotaka kubadilisha kocha imwite kwanza, imweleze sababu mbele ya watu watatu, imwache ajibu, na katibu aandike yote mawili, lawama na jibu. Kocha akiondoka, nahodha atasimama mbele ya timu aseme kwa sauti mambo mema aliyowafanyia, na yule anayempokea awepo asikie. Mtu asitangaze lolote kwenye kundi la WhatsApp kabla mhusika hajaambiwa kwa kinywa. Timu isiyofuata hayo haitapangiwa mechi inayofuata.

Utaratibu huu utatumika pia kwenye kwaya, kwenye shule ya Jumapili na kwa wahasibu wa vikundi vyetu. Yule mwalimu wa kwaya ameitwa kwenye kikao cha Jumamosi saa nane mchana. Mwenyekiti wa kwaya atakuwepo, na amekubali kwamba mwalimu ndiye atakayezungumza wa kwanza.