Sahihi Moja Ina Uzito Gani?

Urani iliyochimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi nchini Kongo, ilitumika kuunda bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Vibarua waliobeba mawe yale hawakuulizwa lolote. Mamlaka yasiyoomba ridhaa humgeuza binadamu kuwa chombo.

Je, ridhaa huombwaje? Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka kila mgombea wa urais, akiwemo mgombea binafsi, aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zinazozidi nusu. Kaunti ni 47, hivyo anahitaji kaunti 24 na sahihi 48,000. Anayejitolea kuzikusanya huzunguka sokoni na kwenye vituo vya matatu, akieleza, akisikiliza, akikubali kukataliwa. Kazi hiyo ni ya heshima, kwa kuwa anayegoma kutia sahihi naye ametambuliwa kuwa mtu mwenye neno lake.

Nchini Tanzania, kinyume chake, Katiba inataka mgombea atokane na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga kanuni hiyo kwa miaka mingi mahakamani. Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba kanuni hiyo inakiuka haki za raia, ukiwemo uhuru wa kujiunga na wenzake au kutojiunga.

Hata kidini hoja hiyo ina msingi: Uislamu na Ukristo vyote vinafundisha kwamba kila mtu atajibu mwenyewe mbele ya Mungu. Basi dhamiri yake haiwezi kukabidhiwa chama.

Mtikila alifariki tarehe 4 Oktoba 2015, kanuni ile ikiwa bado imo katika Katiba.