Boma Lisilo na Kifungu

Kijiji ninachokisimulia hapa hakimo kwenye ramani yoyote. Nimekiunda kwa mambo yanayotokea katika vijiji vingi vya Tanzania, asije diwani mmoja au mtendaji mmoja akatwishwa peke yake mzigo ulio wa wengi. Sheria, mipango na miaka nitakayoitaja ni ya kweli. Hasara nayo ni ya kweli.

Mwaka 2007 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ambao watu waliuzoea kwa jina la MMAM. Lengo lilikuwa kwamba hadi 2017 kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Utaratibu ulieleweka hata kwa asiyesoma: wananchi waanze kwa nguvu zao, halmashauri imalizie. Katika kijiji chetu mjamzito alikuwa akipakiwa kwenye baiskeli kilomita 14, na njiani kuna mto usio na daraja, kwa hiyo habari ile haikuhitaji kuhubiriwa mara mbili. Mkutano ukapitisha mchango wa kila kaya. Asiye na fedha alitoa matofali. Wanaume walichimba msingi kwa msaragambo, wanawake wakasomba maji na mchanga, vijana wakalala nje siku kadhaa kulinda tanuri lisizimike. Bibi mkunga, aliyewapokea duniani nusu ya waliokuwa wakichimba pale, aliuza mbuzi wake wawili, akaweka fedha yote mezani, na alipopewa stakabadhi akaikataa. Watu wakampigia makofi.

Alikataa kwa heshima. Kuchukua karatasi mkononi mwa mwenyekiti wa kijiji aliona ni kama kumwambia, "Sikuamini." Kijiji kizima kilifikiri hivyo, na mimi naamini kwamba hapo, siku ya furaha kuliko zote, ndipo zahanati ile ilipoanza kupotea. Watu walichanganya kuuliza na kutuhumu. Wakiulizwa kwa nini hawaombi kuona daftari la mapato, walijibu kwamba mwenyekiti ni mtu mwema. Alikuwa mtu mwema kweli, lakini wema wake haukuwa na nafasi ya kuandikwa kwenye kitabu chochote cha halmashauri.

Boma lilifika usawa wa lenta kabla ya mvua za masika. Diwani akaja na gari la wilaya, akalizunguka, akalisifu. "Nyie mmeshamaliza yenu," akasema. "Sasa tuachieni sisi." Mhandisi wa halmashauri hakuwamo katika msafara ule, na hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Kisha ikaja miaka ya kusubiri. Maswali yaliulizwa, tena mengi. Si kweli kwamba watu wa vijijini hawaulizi. Tatizo lilikuwa ni swali lile lile moja kila mara.

"Mheshimiwa, bati zetu zinakuja lini?" aliuliza mzee mmoja.

"Mzee wangu, mchakato unaendelea. Tunasubiri fedha kutoka Hazina."

Jibu hilo lina nguvu kwa sababu mara nyingi ni la kweli. Halmashauri nyingi nchini haziwezi kuendesha miradi yao mikubwa kwa mapato ya ndani pekee. Zinategemea ruzuku ya Serikali Kuu. Bunge likishapitisha bajeti, kilichopitishwa ni ruhusa tu. Fedha zenyewe hutolewa kwa vipande kadiri makusanyo yanavyoruhusu, na kipande kingine huingia kwenye akaunti mwaka wa fedha ukiwa ukingoni, wakati tarehe 30 Juni haimsubiri mtu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelisema jambo hili mwaka baada ya mwaka: fedha za maendeleo zilizochelewa au kuja pungufu, na majengo yaliyoanzishwa kisha yakaachwa. Kwa hiyo diwani aliposema Hazina imechelewa, alisema jambo lililo kweli kwa halmashauri nyingi. Alilitumia kujibu swali la boma moja, na ukweli wa jumla ukafunika jambo ambalo hata yeye hakuwa amelitazama.

Anayeuliza "lini" hujibiwa "karibuni", na mazungumzo yanakuwa yamekwisha. Hakuna aliyeuliza: zahanati yetu imo katika bajeti ya mwaka gani wa fedha, kwenye kifungu kipi, kwa kiasi gani? Barua ya kuiombea fedha iliandikwa tarehe ngapi, na ikapokelewa na nani? Maswali haya hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji mtu asiyeona haya kuyauliza, na kiongozi asiyeyachukulia kuwa ni matusi.

Tena hata swali lile la "lini" liliulizwa mahali pasipofaa. Diwani aliulizwa msibani, aliulizwa kwenye harusi, alisimamishwa mnadani siku ya gulio. Kote huko alijibu kwa upole, na majibu yake yote yalikwenda na upepo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeweka mahali pa kuulizia. Mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Unaandikiwa muhtasari. Kilichomo kwenye muhtasari kinapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka huko kinaweza kufika Baraza la Madiwani, ambako mkurugenzi na wakuu wa idara wanapaswa kukijibu. Katika kijiji chetu mkutano mkuu uliitishwa pale tu alipokuja mgeni kutoka wilayani. Mgeni alihutubia, wakazi wakashangilia, na hakuna aliyekuwa na kalamu.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2014 ulileta mwenyekiti mpya. Alikabidhiwa muhuri na kitabu cha stakabadhi kilichotumika nusu. Mtendaji wa kijiji akahamishwa, akaondoka na madaftari yake. Mwaka 2019 mwenyekiti mwingine akaingia, naye kila alipoulizwa alijibu, "Mimi boma hili nimelikuta." Mpango wa MMAM ulikuwa umeshafika mwisho wa muda wake. Ndani ya kuta ulikuwa umeota mbono, na mvua zilikuwa zimekula udongo uliounganisha matofali upande wa mashariki, ambao mafundi waliujenga bila saruji ya kutosha kwa kuamini kwamba bati lingekuja upesi.

Halafu mwaka 2021 fedha zikaonekana. Tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai mwaka huo zilielekezwa kwa sehemu kwenye vituo vya afya na madarasa. Oktoba ukazinduliwa mpango wa kutumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kujenga madarasa 15,000. Yalipanda kwa miezi michache tu. Wanakijiji waliona kwa macho yao kwamba jengo la serikali linaweza kwisha haraka ramani ikiwepo, akaunti ikijulikana na tarehe ya mwisho ikitangazwa. Fundisho hilo liliwauma kuliko ucheleweshaji wenyewe.

Halmashauri ikataka orodha ya maboma yanayoweza kumaliziwa. Kila kijiji kilete muhtasari wa mkutano ulioridhia mradi, hati ya kutoa eneo, ramani na makadirio ya gharama. Kijiji cha jirani kilikuwa na faili. Mwalimu mstaafu alikuwa amelitunza kwenye sanduku la bati nyumbani kwake, na ndani yake mlikuwa na nakala ya kila barua, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Boma lao, lililoanza baada ya letu, likapauliwa.

Kwetu alikuja mhandisi, kwa mara ya kwanza. Akapima vyumba, akatikisa kichwa. Havikufuata ramani ya zahanati, mlango wa chumba cha kujifungulia haupitishi machela, na nondo za lenta zilikuwa zimeliwa na kutu. Ushauri wake ulikuwa ni kubomoa.

Siku hiyo hasira iliwaka. Vijana walitaka kwenda wilayani na mabango. Mama mmoja anayetunza hesabu za kikundi cha vikoba akasimama, akasema, "Wanangu, tutakwenda. Lakini tukifika tutadai nini? Tuandike kwanza." Wakaandika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Barua yao ilikuwa na maswali machache ya aina ile ambayo hayakuwahi kuulizwa kabla, na nakala yao ikagongwa muhuri masjala.

Jibu likaja. Halmashauri ilieleza kwamba mradi wa zahanati ya kijiji hicho haukuwahi kuingizwa katika bajeti ya mwaka wowote wa fedha. Hakukuwa na maombi kutoka kata.

Fedha hazikuwa zimechelewa. Hazikuwa zimeombwa. Kwa miaka zaidi ya kumi watu walikuwa wakiuliza lini itafika safari ambayo gari lake halikuwahi kuwashwa, na kila kiongozi aliyewajibu alichukulia kwamba mwenzake aliyemtangulia aliliwasha.

Nimesikia watu wakisimulia mambo ya namna hii na kumalizia kwa kuwalaumu wanakijiji: wamelala, hawajui haki zao. Naikataa hukumu hiyo. Waliochimba msingi kwa mikono yao hawakulala. Kosa lao lilikuwa ni adabu iliyopita kiasi, na adabu hiyo wamefundishwa na viongozi ambao mtu akiuliza mara ya pili wanamwita mchochezi. Mzigo mkubwa zaidi nauweka kwa halmashauri. Ndiyo iliyosema "jengeni". Ndiyo yenye mhandisi, mganga mkuu wa wilaya na ofisa mipango, watu wanaolipwa kuijua kalenda ya bajeti. Wanajua kwamba vipaumbele vya vijiji vinakusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, ili rasimu ipite ngazi zake na Bunge limalize kazi kabla ya Julai. Wanajua kwamba anayekuja kuuliza Agosti amechelewa, na anayeuliza Oktoba bado ana nafasi. Kijiji hakikuambiwa hata neno moja katika hayo. Kiliambiwa kisubiri, na kilisubiri kwa uaminifu ambao haukuheshimiwa.

Gharama yake haionekani kwenye hesabu za ukaguzi. Shule ya msingi ya kijiji ina upungufu wa madarasa, na mwaka huu uongozi uliitisha mchango mpya. Kaya nyingi zimekataa. Si kwa umaskini; walipoanza boma walikuwa maskini zaidi. Wanasema walishatoa, na walichotoa kinabomolewa. Ofisa yeyote anayesifu nguvu za wananchi kwenye hotuba ajue kwamba nguvu hizo zinaweza kwisha, na zikishakwisha hakuna ruzuku inayozirudisha.

Katika mkutano mkuu wa mwisho wakazi waligawanyika. Wengine walitaka waanze upya zahanati kwa ramani sahihi, kwa sababu mto bado uko pale pale na wajawazito bado wanauvuka. Wengine walisema hawatasogeza tofali hata moja mpaka wasomewe bajeti ya halmashauri hadharani na waonyeshwe jina la kijiji chao limeandikwa. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ingawa najua uchungu wa wale wa kwanza. Diwani aliwaahidi kurudi na nakala ya bajeti. Kabla hajakaa, yule mama wa vikoba aliomba ahadi hiyo iingie kwenye muhtasari pamoja na tarehe, isomwe kwa sauti, na mheshimiwa atie sahihi. Akatia, na wajumbe wanne wakateuliwa kwenda ofisini kwake tarehe hiyo ikipita bila nakala kufika.