Ukweli Mbele ya Waamuzi

Mwanadamu husema habari za maisha yake mahali pengi, na kila mahali pana sharti lake. Mbele ya hakimu husema kwa kiapo, na akisema uongo huadhibiwa. Mbele ya rafiki husema kwa kuaminiana, na akisema uongo hupoteza rafiki. Mbele ya Mungu wake husema kwa toba, wala hapana haja ya kuongeza neno, maana asikilizaye anajua yote. Mahali pote hapo hapana apigaye makofi. Katika zama hizi pamezuka mahali pengine, ambapo mtu husimama mbele ya umati wa watu asiowajua, akasimulia jambo la kweli lililompata, kisha akapewa alama kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani. Mahali hapo huzaa swali linalostahili kupimwa: je, ukweli uliotiwa katika mashindano hubaki kuwa ukweli?

Mfano mashuhuri wa mashindano hayo ni ule wa jumuiya iitwayo The Moth, ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 1997 na mtunzi wa riwaya, George Dawes Green, aliyeanza kwa kuwaalika watu nyumbani kwake katika mji wa New York. Jina la jumuiya maana yake ni nondo, mdudu afuataye taa usiku. Lilitokana na kumbukumbu za mwanzilishi za jioni alizokaa barazani na rafiki zake katika jimbo la Georgia, wakisimuliana habari huku nondo wakizunguka taa. Tangu mwaka 2009 masimulizi hayo yamekuwa yakisikika katika redio, na mwaka 2010 kipindi hicho kilipewa tuzo ya Peabody.

Desturi ya mashindano ni hii. Hutangazwa maudhui ya jioni. Kila atakaye kusema huandika jina lake, majina hutiwa katika chombo kimoja, na kumi huchomolewa kwa bahati. Kila msimulizi hupewa dakika tano. Haruhusiwi kusoma karatasi. Hadithi yake iwe ya kweli, iwe yake mwenyewe, na ilingane na maudhui. Makundi matatu ya waamuzi huteuliwa katika wasikilizaji wenyewe, nao hutoa alama hadi kumi. Mshindi hungoja, na washindi kumi wa namna hiyo hukutana baadaye katika shindano kubwa. Kutoa hukumu kwa mikono ya wasikilizaji hakukuanza hapo. Kulikwisha kujulikana katika mashindano ya mashairi yaliyoasisiwa Chicago na Marc Smith, fundi wa ujenzi aliyekuwa pia mshairi, ambayo tangu mwaka 1986 yalifanyika katika ukumbi wa Green Mill.

Si haki kuanza kwa lawama kabla ya kutaja wema. Wema wa kwanza wa mashindano hayo ni usawa. Katika mabaraza mengi ya dunia asikilizwaye ni mwenye cheo, mwenye mali au mwenye elimu. Wengine hutakiwa kusikiliza tu. Hapa jina la mchukuzi na jina la profesa hulala katika chombo kimoja, na mkono unaochomoa haujui tofauti yake. Dakika tano za tajiri si ndefu kuliko dakika tano za maskini. Wema wa pili ni faraja. Mtu aliyeficha aibu yake miaka ishirini, akidhani yu peke yake duniani, hulisema neno lake akasikia kicheko kisicho cha dhihaka bali cha kukiri. Hapo hutambua kuwa wengi wamepita njia ile ile. Faida hiyo si ndogo, na atakaye kuyalaumu mashindano sharti aiweke katika mizani kwanza.

Hata hivyo, mashindano haya yana mashtaka matatu ya kujibu: la kwanza linahusu ukweli, la pili linahusu uchungu, na la tatu linahusu watu wasiokuwapo.

Shtaka la kwanza husema kwamba atafutaye ushindi ataupinda ukweli. Mtetezi atajibu kuwa sharti la kusema kweli limekwisha kutangazwa. Lakini ukweli wa kumbukumbu si kitu kilichofungwa sandukuni. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alitoa kitabu juu ya kukumbuka, akaonyesha jinsi wasomaji wa Kiingereza walivyosimulia upya ngano ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Mambo mageni kwao waliyaacha au waliyageuza yakafanana na mambo ya kwao. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu picha za sinema za ajali za magari, wakawauliza juu ya mwendo wake. Walioulizwa kwa neno kali la kupondana walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa neno la kugongana tu. Na baada ya juma moja wengi zaidi katika wale wa kwanza walidai kuwa waliona vioo vilivyovunjika, ambavyo havikuwamo. Ikiwa neno moja la muulizaji huweza kuvunja vioo katika kumbukumbu ya mtu, makofi ya umati yatavunja nini?

Hapa yafaa kutenga makosa na uongo. Akoseaye hajui kwamba amekosea, mwongo anajua. Kati ya hao wawili yupo mtu wa tatu, naye ndiye wa kuangaliwa sana: ni yule ajitahidiye asijue. Achukuliwe kwa mfano mtu asimuliaye ugomvi wake na baba yake. Waligombana, mwana akaondoka kwa hasira, na baada ya siku tatu baba akafariki. Mara ya kwanza aliisimulia habari hii kama ilivyokuwa, na wasikilizaji walihuzunika. Mara ya pili ulimi uliteleza ukasema kwamba baba alifariki usiku ule ule, na ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja. Alama zilipanda. Mara ya tatu ulimi haukuteleza tena. Uliipita njia iliyokwisha kulimwa. Mara ya kumi msimulizi hakumbuki tena siku tatu. Hukumbuka usiku mmoja, na wasiwasi wowote unaomjia huufukuza kama mgeni asiyealikwa.

Yamkini atatokea wa kuuliza: siku tatu na usiku mmoja vina tofauti gani, madhali baba alikufa na mwana alihuzunika? Tofauti ni kubwa. Katika siku tatu mwana alikuwa na nafasi ya kurudi kuomba radhi. Asubuhi tatu zilimpambazukia, na jioni tatu zilimchwea, naye hakurudi. Hilo ndilo jambo lililomtesa, na ndilo somo ambalo hadithi yake ingeweza kumpa msikilizaji mwenye baba aliye hai. Usiku mmoja humwondolea nafasi ile, na pamoja nayo humwondolea hatia. Amekuwa mtu aliyeonewa na mauti, badala ya kuwa mtu aliyechelewa kwa kiburi. Basi badiliko lililofanywa kwa ajili ya uzuri wa hadithi limemsafisha msimulizi pasipo kumtakasa. Alipanda jukwaani kuukiri ukweli wake, akashuka akiwa amejificha zaidi kuliko alipopanda.

Waswahili wa kale walilitazama jambo hili kwa jicho pevu. Mtambaji wa hadithi alipoketi, wasikilizaji waliiita hadithi ije, wakauita na uongo uje, ili utamu ukolee. Watu wengine hulidhani neno hilo kuwa mchezo wa watoto tu, kumbe ni mkataba. Uongo ulipewa ruhusa mlangoni, mchana kweupe kana kwamba, na kwa hivyo haukumdanganya mtu. Sungura alisema, jiwe lilijibu, na hapana aliyekwenda nyumbani akidai kwamba ameibiwa. Udanganyifu haumo katika maneno yasiyo kweli. Umo katika kuvunja agano lililofanywa na msikilizaji. Mashindano ya hadithi za kweli yamefanya agano la pili, lililo kinyume cha lile la kale: uongo usije. Mwenye kulikubali agano hili kwa ajili ya heshima yake, kisha akachukua uhuru wa lile la kwanza kwa ajili ya utamu wake, amekula mahali pawili kwa sahani moja.

Mwaka 2012 uliutoa mfano hadharani. Msimulizi wa jukwaani Mike Daisey wa Marekani alikuwa akisimulia safari yake ya China na mambo aliyosema aliyaona kwa wafanyakazi wa viwanda vya vyombo vya umeme. Mwezi wa Januari kipindi cha redio kiitwacho This American Life kilitangaza masimulizi yake. Mwezi wa Machi kilitangaza kuyafuta, kwa sababu baadhi ya mambo aliyodai kuyaona hayakumpata. Utetezi wake ulikuwa kwamba kazi yake ni ya tamthilia, si ya uandishi wa habari. Walakini wasikilizaji hawakuwa wameombwa kusikiliza tamthilia. Lililo baya zaidi ni kwamba dhiki za wafanyakazi zilizokuwa za kweli nazo ziliingia katika shaka kwa sababu ya zile zilizoongezwa.

Shtaka la pili husema kwamba si halali kuupa uchungu wa mtu bei. Katika jioni moja mama aliyezika mtoto aweza kupata alama saba na nusu, na kijana aliyeraruka suruali mbele ya wakwe akapata tisa. Mtetezi hujibu kwamba kinachopimwa ni usimulizi, si msiba. Jibu hilo ni la haki katika karatasi. Lakini mama hakuleta usimulizi na msiba katika vikapu viwili. Alileta kimoja, na akarudi nyumbani na tarakimu. Tena tarakimu zenyewe si imara. Wajuzi wa mashindano ya mashairi wamejua zamani kuwa alama huelekea kupanda kadiri usiku unavyoendelea, hata ikawa desturi kumtanguliza mshairi mmoja asiyeshindana, aitwaye wa kafara, ili waamuzi wajaribu mizani yao juu yake. Ikiwa bahati ya kuitwa wa kwanza au wa mwisho huweza kuamua ushindi, tarakimu haiwezi kuwa kipimo cha moyo.

Na hasara ya msikilizaji husahauliwa. Mwenye kalamu mkononi husikiliza kwa sikio la mnunuzi. Hujiuliza kama mwanzo ulivuta, kama mwisho ulifunga, kama dakika hazikuzidi. Haya ni maswali mema ya sanaa, na malenga wa Lamu na Mombasa walioshindana kwa tungo wangeyafahamu. Lakini malenga alipimwa ufundi wake, wala hakutakiwa aweke jeraha lake mezani. Aletaye jeraha hutaka jirani kabla ya kutaka mwamuzi, na ni vigumu kwa mtu mmoja kuwa wote wawili kwa dakika zile zile tano.

Shtaka la tatu ndilo zito kuliko yote, maana wenye kulileta hawamo ukumbini. Hapana maisha ya mtu mmoja tu. Asimuliaye habari zake husimulia pia habari za mke, za ndugu, za mzazi, za rafiki wa zamani. Jean-Jacques Rousseau, katika Maungamo yake yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1782 baada ya kufa kwake, alieleza jinsi ujanani alivyoiba utepe katika nyumba aliyotumikia huko Turin, akamsingizia msichana mpishi aitwaye Marion, na wote wawili wakafukuzwa kazi. Ulimwengu umemsifu Rousseau kwa ujasiri wa kukiri. Marion hakupata sifa, wala kitabu, wala nafasi ya kujibu. Mara ya kwanza alipoteza kazi yake kwa uongo wa kijana yule. Mara ya pili aliingia katika historia kwa ukweli wake, na mara zote mbili hakuulizwa. Jina lake halikutiwa katika chombo pamoja na majina mengine.

Je, haya yote yaonyesha kuwa mashindano hayo yafaa kukomeshwa? Hapana. Moto huunguza nyumba, na pasipo moto hapana chakula. Mtu akinyimwa mahali pa kusema ukweli wake hausahau. Hubaki nao ukamwoza. Tena shindano lenyewe humfunza msimulizi kuwahurumia wanaomsikiliza: asiseme maneno mengi, asizunguke, asijipendelee mno. Linalotakiwa ni kwamba aendaye jukwaani ajipime mwenyewe kabla hajapimwa, na vipimo vitatu vyamtosha.

Cha kwanza: kama angejua hakika kwamba atakuwa wa mwisho, je, bado angeisimulia hadithi ile? Asiyeweza kusema ndiyo anatafuta alama, na ni vema atafute mchezo mwingine wa kuzipatia. Cha pili: kama mtu anayemtaja angekuwa ameketi safu ya mbele, je, neno lolote angelibadili? Neno hilo ndilo la kuondolewa hata kama kiti ni kitupu. Cha tatu: kama barua ya zamani ingeonekana kesho, ikithibitisha kuwa mambo yalikwenda vingine, na vibaya zaidi kwake, je, angeirekebisha hadithi wanayoipenda watu? Mwenye kukubali kipimo hiki cha tatu amekwisha kuushinda umati, hata kama waamuzi wamempa sita.

Yule mwana aliyegombana na baba yake anaweza kuzirudisha siku zake tatu. Huenda ukumbi usishushe pumzi kwa pamoja kama zamani, na alama zikapungua. Lakini huenda pia katika safu ya nyuma amekaa kijana mmoja aliyeondoka kwa baba yake jana kwa hasira, akasikia kwamba hata siku ya pili nafasi ilikuwapo, na kesho asubuhi akarudi nyumbani.