Uzi wa Nje Ndio Huisha Kwanza

Andiko letu wiki hii ni Kutoka 17:8-13, lakini kabla hujafungua Biblia, nikupe somo la kamba.

Akina mama wa kikundi chetu cha ufundi wanatengeneza makrame, yale mapambo ya kamba za pamba ambayo watu hutundikia vyungu vya maua dirishani. Niliwaomba wanifundishe fundo moja tu, lile wanalolirudia mpaka linatoka bapa kama mshipi.

Nyuzi ni nne, zimening'inia. Mbili za kati zinatulia tu. Chukua uzi wa kushoto, upitishe mbele ya zile za kati uelekee kulia, uache kitanzi upande wa kushoto. Uzi wa kulia ulaze juu ya mkia wa huo wa kushoto, uupitishe nyuma ya zile za kati, kisha uutokeze mbele kupitia kile kitanzi. Vuta zote mbili. Hapo umefika nusu. Nusu ya pili ni hivyo hivyo, ila sasa anayetangulia ni uzi wa kulia.

Ukisahau kubadilisha, yaani kushoto kutangulie kila mara, kazi yako itaanza kujipinda na kuzunguka kama ngazi ya mnara. Wengine hufanya hivyo makusudi, na inapendeza. Lakini kama ulitaka mshipi wa kulala bapa, utavuta mpaka vidole viume na bado utajipinda. Kuna nyumba, na hata kuna kamati, ambazo mtu mmoja ndiye hutangulia kila siku halafu tunashangaa mbona mambo yanazunguka. Waefeso 5:21 inawaambia waumini wanyenyekeane, huyu kwa yule. (Ndugu zangu wanaume, sijasema kichwa cha nyumba kimebadilika. Nimesema fundo lina nusu mbili.)

Lakini jambo lililonikalia moyoni ni hesabu ya kukata kamba. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikauliza kama mhasibu: kila uzi uwe wa urefu gani? Mama mmoja akanijibu bila kuinua macho: "Pasta, ukitaka mshipi wa mita moja, zile za kati zizidi mita kidogo tu. Za nje, kata mita nne au tano kila moja." Za kati zinabeba uzito, lakini zinashuka moja kwa moja. Za nje ndizo zinazozunguka, zinafunga, zinarudi. Kila fundo linakula urefu wao.

Sasa soma Kutoka 17. Yoshua anapigana na Waamaleki bondeni, Musa yuko kilimani na mikono juu. Mikono inachoka. Haruni na Huri wanamkalisha juu ya jiwe, wanasimama mmoja huku na mmoja huku, wanamshikilia mpaka jua linatua. Mahubiri mengi humsifu Musa, na ni sawa. Mimi nauliza, na mikono ya Huri je? Ni nani alimshikilia Huri?

Mwezi uliopita nilimtembelea dada mmoja anayefundisha Shule ya Jumapili. Alikuwa amekosa ibada Jumapili tatu, na watu walishaanza kunong'ona kwamba amerudi nyuma. Alinitengenezea chai, akakaa, akasema, "Pasta, sijaacha wokovu. Nimeisha tu." Miaka sita hajawahi kusikia mahubiri mazima, kwa sababu tukiwa huku tukipokea Neno, yeye yuko kule nyuma na watoto wetu. Hapo hakuna pepo la kukemea, wapendwa. Kulikuwa na uzi uliokatwa mita moja ukapewa kazi ya mita tano.

Sasa, wale akina mama wana njia. Nyuzi za nje zikikaribia kuisha kabla kazi haijaisha, wanazichukua na kuziingiza katikati, na zile za kati, ambazo bado ni ndefu, zinatoka nje kufunga. Zile zilizochoka hazikatwi wala hazitupwi. Zinashuka tu moja kwa moja, zikiwa zimezungukwa na kukumbatiwa na wenzao.

Kwa hivyo nimewaomba viongozi wa idara zote, waimbaji, mashemasi, wanaopanga viti, wanaoosha vyoo, waniletee kabla ya Jumatano majina ya waliohudumu zaidi ya miaka miwili bila kupumzika. Na wewe uliyetulia safu ya katikati mwaka wa nne sasa, nina fomu yako.

Shule ya Jumapili imepata vijana wawili mpaka Desemba. Mwalimu wao atakuwa ibadani, safu ya tatu, ameketi na Biblia yake. Msalimie, mkumbatie. Lakini tafadhali, usimpe mtoto wako amshike.