Je, Hospitali ya Kanisa Ishindane?

Nilipostaafu kazi ya kufundisha walimu nilidhani nimemaliza kukaa katika kamati. Haikuwa hivyo. Si zamani sana nilialikwa niwe mmoja wa watu saba wa kuitazama hospitali moja ya kanisa, ambayo sitaitaja. Tuliambiwa tupime nafasi yake na uwezo wake wa kushindana na hospitali nyingine. Neno hilo "kushindana" lilinikaa kama mfupa wa samaki kooni. Je, ni halali hospitali ya kanisa kushindana? Na ikiwa ni halali, inashindania nini? Naomba tulifikiri swali hili pamoja, maana linatuhusu sote, tunaoumwa leo na tutakaoumwa kesho.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Zamani swali hili halikuwapo. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia watu binafsi kutoa matibabu kwa ajili ya faida katika nchi yetu, lakini mashirika ya dini yaliachwa yaendelee. Mgonjwa alikuwa na milango miwili, wa serikali na wa misheni, na mahali pengine milango hiyo ilikuwa mmoja: hospitali yetu ya Kianglikana ya Muheza iliitwa Teule kwa sababu serikali iliiteua iwe hospitali ya wilaya. Mwaka 1991 sheria ile ililegezwa. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama, na mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi. Tangu hapo mgonjwa mwenye kadi amekuwa mtu wa kutafutwa.

Leo mtu wa Themi akiugua anaweza kwenda Mount Meru, hospitali ya mkoa. Anaweza kwenda kwa Walutheri, ambao baada ya miaka mingi ya kuhudumu Selian, kule Ngaramtoni, walifungua hospitali nyingine mjini mwaka 2008. Anaweza kwenda kwa Wakatoliki, St. Elizabeth, au katika hospitali za watu binafsi. Na ugonjwa ukizidi, KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, si mbali.

Mtaalamu aliyetuongoza alitumia mafundisho ya Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambaye mwaka 1979 alieleza kwamba kila biashara husukumwa na nguvu tano: washindani waliopo, washindani wapya, vitu vinavyoweza kutumiwa badala ya bidhaa yake, wanunuzi, na wale wanaoiuzia mahitaji yake. Nakiri kwamba lilikuwa somo zuri. Lilitufumbua macho kwamba mshindani wa hospitali si hospitali tu, bali pia duka la dawa la mtaani na mganga wa kienyeji. Lilituonyesha kwamba mnunuzi mkubwa si mgonjwa, bali ni Mfuko wa Bima. Mtakumbuka kwamba Machi 2024, Mfuko ulipotoa bei mpya, baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kwa muda kuwapokea wenye kadi zake. Tena lilitukumbusha kwamba daktari na muuguzi wanaocheleweshewa mishahara watahamia ng'ambo ya barabara.

Shida ilianza tulipopewa karatasi yenye safu mbili, Nguvu na Udhaifu. Katika safu ya Nguvu yaliandikwa maabara na chumba cha eksirei, kwa kuwa huingiza fedha. Katika safu ya Udhaifu iliandikwa wodi ya watoto, kwa kuwa hutumia fedha kuliko inavyoingiza. Nikasimama. Nikasema kwamba mwenye hospitali anayemwita mtoto mgonjwa udhaifu amesahau kwa nini alijenga hospitali. Wazee walitikisa vichwa kukubali, nami nikakaa nikijiona nimesema neno la maana.

Ndipo mhasibu, kijana mpole, akaomba nafasi. "Shikamoo tena, Mwalimu," alisema. "Maneno yako ni ya kweli. Lakini mishahara ya mwezi uliopita hatujaimaliza, na wanaotuuzia dawa wamekataa kutukopesha. Hospitali ikifungwa, mtoto huyo tutamtibia wapi?"

Sikuwa na jibu. Huruma isiyo na dawa kabatini humwacha mgonjwa vile vile alivyokuja. Na dawa zikiisha, tajiri hupanda gari akaenda kwingine. Anayebaki kwenye benchi ni maskini.

Usiku ule nilikumbuka jambo jingine, nalo lilinichoma zaidi. Mimi mwenyewe nina kadi ya bima, kama wastaafu wengi wa serikali. Tangu miaka mitatu nyuma nilikuwa nimeacha kwenda hospitali ile ile niliyoitetea kwa sauti kubwa. Nilikuwa nikienda kwingine, ambako sakafu inang'aa na foleni ni fupi. Kila niliposaini fomu yangu kule, fedha ambayo ingesaidia kununua dawa za wodi ya watoto ilikwenda na mimi. Basi nilikuwa mmoja wa waliouleta udhaifu ule, kisha nikaja kuwahubiria wengine juu yake.

Sasa turudi kwenye swali. Sisi walimu tunayajua mashindano. Ipo shule inayofaulisha kwa sababu inafundisha vizuri, na ipo inayofaulisha kwa sababu inawafukuza wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani. Gazetini zote mbili zimepata wastani mzuri, lakini ya pili haikufundisha, ilichagua tu. Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni moja: kipimo chochote kinachopanda kwa kumfukuza aliye dhaifu si kipimo cha kazi. Faida kwa kila mgonjwa hupanda ukimfukuza asiyelipa. Hata hesabu ya vifo hupungua, ukiwapeleka mahututi wakafie kwingine. Hospitali ya namna hiyo itashinda washindani wake huku haijaponya watu wengi zaidi.

Nimefurahi kujua kwamba Porter huyo huyo, katika kitabu alichoandika na Elizabeth Teisberg mwaka 2006, alilaumu mashindano ambayo kila mmoja anamsukumia mwenzake gharama. Walisema watoa tiba washindane katika jambo moja: nani anaponya ugonjwa ule ule vizuri zaidi kwa fedha anazotumia. Mashindano hayo sioni dhambi ndani yake. Mama mjamzito akipona kwetu kuliko kwingine, na jirani yetu akaona wivu akajirekebisha, amepata hasara nani?

Lakini hata hapo swali la mhasibu halijajibiwa. Mtoto wa asiye na kitu amlipie nani? Twaujua mfano wa Msamaria Mwema. Hata KCMC ilijengwa na shirika lenye jina hilo. Tumezoea kumtazama Msamaria, lakini safari hii mtazameni mwenye nyumba ya wageni. Yeye hakuambiwa amtunze majeruhi bure. Alipewa dinari mbili mkononi, akaahidiwa kulipwa litakalozidi. Msamaria hakumwachia mwingine mzigo wa huruma yake. Sisi tumefanya kinyume: tumeitaka hospitali iwe Msamaria na mwenye nyumba pamoja, nasi tumepita upande mwingine tukiwa na kadi zetu mfukoni.

Kwa hiyo katika kikao kilichofuata nilileta ombi dogo, likakubaliwa. Karatasi iongezwe safu ya tatu, iitwayo Kazi Tuliyoitiwa. Wodi ya watoto itoke katika Udhaifu iingie humo, na mbele yake iandikwe gharama yake kwa shilingi, na jina la anayeilipa. Pasipo na jina, pabaki wazi, watu wapaone. Pia kila mwezi hospitali ihesabu wangapi wamerudishwa mlangoni, iandike idadi hiyo karibu na idadi ya waliopona.

Nami nimerudi na kadi yangu. Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi pale tangu saa mbili asubuhi hadi karibu saa sita. Foleni ni ndefu bado, na mhudumu wa dirishani alinijibu kwa ukali. Hayo nimeyaandika katika safu ya Udhaifu, maana ndipo mahali pake. Lakini mbele ya wodi ya watoto, pale pa kuandika jina la mlipaji, mpaka leo pako wazi. Je, msomaji, tuandike jina gani?