Bakuli la Kahawa

Jumapili hii, ya 14 ya Mwaka C, tunasoma Injili ya Luka sura ya 10, Bwana anapowatuma wale sabini na wawili. Kila ninapoifikia sehemu hii, mahubiri yangu hukimbilia mavuno mengi na uchache wa watenda kazi. Safari hii nimekwama kwenye jambo dogo lililo katikati, ambalo nakiri nimekuwa nikilipita tu. Yesu anawaagiza wakishapokelewa nyumbani kwa mtu wabaki hapo hapo, wasihamehame, wale na wanywe wanachopewa na wenyeji wao. Habari ya kuponya wagonjwa na kuutangaza Ufalme inafuata baadaye. Kwanza waitakie nyumba amani, kisha wakae, wale.

Aliyenikwamisha ni binti mmoja wa parokia, aliyerudi hapa Kilema wiki iliyopita baada ya miezi 10 nchini Ufaransa. Alikwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, akakaa na familia moja huko Normandie, kaskazini-magharibi ya nchi ile, kwenye mvua, ng'ombe na mashamba ya matofaa. Baada ya Misa ya asubuhi tuliketi kwenye benchi chini ya mparachichi, akanisimulia mpaka jua likawa kali. Amenipa ruhusa niwashirikishe.

Kwetu mgeni akikaribishwa chakula huanza kwa kukataa. "Asante, nimeshiba." Mwenyeji naye hamwachi: "Ongeza kidogo mwanangu, mbona hujala kitu?" Mara ya pili bado anajizuia. Mara ya tatu ndipo anasogeza sahani, na wote wanaridhika. Ndivyo binti huyu alivyolelewa. Jioni ya kwanza mama mwenyeji alimuuliza kama ataongeza viazi, naye akajibu kwa Kifaransa chake cha darasani kwamba hapana, asante. Bakuli likaenda kwa wengine, halikurudi tena. Pale hapana ni hapana, na kumshurutisha mtu aliyekwisha kukataa ni kukosa adabu. Siku tatu akalala na njaa katika nyumba iliyojaa chakula. Walimwambia mapema kwamba ajione yuko kwao, lakini ni mtoto gani wa Kilema atafungua friji ya watu?

Usiku wa nne mama yule alimkuta jikoni, gizani, akitafuna kipande cha mkate mkavu. Hakucheka. Aliwasha taa, akavuta kiti, wakakaa na kamusi katikati yao mpaka akaelewa. Tangu siku ile, kila mlo, alimuuliza mara tatu, huku akihesabu kwa vidole.

Ndugu zangu, kidole cha tatu cha mama yule kimenifundisha kitu. Nimehubiri mara nyingi juu ya kumpokea mgeni, na methali yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone nimeitumia mpaka imechakaa. Sikuwahi kuhubiri juu ya upande wa pili, wa yule anayepokelewa. Ni kazi ngumu. Mtu mwenye chake, anayejua kusalimia na kuheshimiwa kwao, anakuwa kama mtoto mdogo asiyejua kushika kijiko. Wale sabini na wawili waliagizwa wasichukue mfuko wala mkoba. Maana yake walifika mlangoni wakiwa wahitaji, na mhitaji hachagui meza.

Kulikuwa pia na suala la majina. Mama mwenyeji alimwambia amwite kwa jina lake la kwanza, kama wanavyofanya wenzake wote. Binti akashindwa. Kwa wiki tatu hakumwita kabisa. Alikuwa akimwendea karibu na kusubiri ageuke. Mwishowe akajipa ruhusa ya kumwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani, kama tunavyoitana sisi. Akamweleza maana yake: kwamba mwanamke akizaa, mtaa mzima unamheshimu kwa jina la mwanawe. Mama yule akanyamaza kidogo, kisha akamwomba arudie.

Ya shule nitayapita haraka, ingawa vijana wangependa niyaseme yote. Kuna siku masomo huanza saa mbili asubuhi yakaisha saa kumi na moja jioni, na mchana wa Jumatano shule nyingi hazina vipindi. Mitihani husahihishwa kwa alama 20, na mwenye 14 anapongezwa. Sheria ya mwaka 2004 inawakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazojionyesha waziwazi. Msalaba mdogo hauna tatizo, naye aliuvaa ndani ya sweta. Kilichomlemea zaidi kilikuwa Desemba. Giza lilikuwa linaingia kabla ya saa kumi na mbili jioni, na huku alijua barabara ya kutoka Dar es Salaam imejaa magari ya Wachagga wanaopanda nyumbani, mbuzi wanachinjwa, na yeye peke yake hayupo.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lake lilikuwa kutandika meza na kukata mkate. Anasema siku aliyojua kwamba amekuwa mtoto wa nyumba ile ni siku aliyogombezwa. Alikuwa amechelewa kwa rafiki bila kupiga simu, na baba mwenyeji, mtu mpole asiye na maneno mengi, alimsubiri mlangoni akiwa amekasirika kweli kweli. Binti akalia chumbani, na katikati ya machozi akatambua kuwa mgeni hagombezwi.

Baba huyo hasali. Wengi wa nyumba ile walibatizwa, lakini kanisani huenda kwenye maziko na arusi. Huko vijijini padre mmoja hutumikia makanisa mengi, na Misa huzunguka: Jumapili hii hapa, ijayo kwingine. Kila Jumapili mwenyeji wake aliulizia Misa iko wapi, akawasha gari, akampeleka hata kwenye mvua, kisha akakaa ndani ya gari akisoma gazeti mpaka imalizike. Miezi 10. Hakuingia hata mara moja, wala binti hakumbembeleza.

Najua baadhi yenu mtasema angemhubiria. Mimi nimerudi kwenye Luka. Bwana anazungumza juu ya mwana wa amani, ambaye amani yetu itamkalia. Hakuwaagiza wanafunzi wamhoji kwanza anasali wapi. Namfikiria mtu yule na gazeti lake mbele ya kanisa lisilo lake, na siwezi kumwita kwa jina jingine.

Hapa Kilema tuna deni la namna hiyo, ila sisi tulikuwa upande wa wenyeji. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont na Padre Alexandre Le Roy, Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, walipanda mlima huu wakitokea pwani. Le Roy alikuwa mzaliwa wa Normandie hiyo hiyo. Mangi Fumba wa Kilema aliwapokea na kuwapa mahali pa kukaa. Babu zetu hawakuwa Wakristo, na wageni wale walikula kilichowekwa mbele yao kwenye migomba yetu. Misioni yetu ilianzia kwenye ukarimu wa mtu ambaye alikuwa hajabatizwa.

Na ni wamisionari wa shirika hilo hilo waliopanda kahawa hapa, ya mbegu iliyotoka kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Kahawa hiyo ndiyo iliyosomesha wazee wetu, na kwa ajili yake chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933. Tunaichuma, tunaimenya, tunaianika kwenye vichanja, inashuka Moshi mjini kukobolewa na kupanda meli. Sisi wenyewe tunakunywa chai. Binti huyu alikulia katikati ya mibuni, na bakuli lake la kwanza la kahawa alilinywa Normandie, asubuhi ya kwanza. Lilikuwa bakuli kweli, la udongo, lisilo na mkono, kahawa na maziwa ya moto. Wenyeji walipaka mkate siagi, wakauchovya, na vijiduara vya siagi vikaelea juu. Akawaiga, akaumeza huku akiogopa utamdondokea.

Juzi alichukua kahawa kidogo kwenye gunia la baba yake, akaikaanga, akaitwanga kwenye kinu, akachemsha na maziwa ya ng'ombe wao. Akammiminia bibi yake kwenye bakuli la uji. Bibi huyo amechuma kahawa tangu akiwa msichana. Alilishika bakuli kwa mikono miwili, akanusa, akauliza kama hii ndiyo ile ya shambani. Akakataa mkate mara mbili. Mara ya tatu akauchukua, akauchovya.